Safu ya Baba Kwenye Mizabibu ya Mfaransa

Baba alipogoa mizabibu ya mzee mmoja wa Kifaransa, si mbali na Tosamaganga, tangu kabla sijazaliwa. Mzee yule alileta vijiti kutoka kwao, vimeviringishwa kwa matambara mabichi, akavipanda kwa mikono yake. Nilipoanza kibarua cha kuchuma, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mashina yalikuwa yamenenepa kupita mkono wangu.

Mzee alifuata majira ya kwao, ambako ukoo wake ulitengeneza divai tangu enzi za mababu: alipogoa baridi ikiisha. Huku, zabibu zake ziliiva mvua ikiwa imepamba moto. Tulichuma nusu, nusu tukaitupa imeoza. Divai nyekundu iliyopatikana ilikuwa nyepesi, wageni wakiinywa kwa adabu tu.

Mwaka mmoja baba alimwambia, "Bwana mkubwa, nipe safu moja. Nitaipogoa mvua zikikaribia kuisha, iive kiangazi."

"Mizabibu haipogolewi hivyo."

"Kwenu, bwana. Mvua ya hapa haijui kwenu."

Mzee alicheka, akampa safu ya mwisho, kando ya mfereji. Kiangazi kilipofika vichala vilikuwa vyeusi, vikavu, vitamu hata nyuki hawakutupa nafasi. Mzee alionja punje moja, akavua kofia. Mwaka uliofuata shamba zima lilipogolewa kama alivyotaka baba, na divai ikawa nzito, ikaagizwa hadi Mbeya.

Baba hakuwahi kuinywa. Siku zile Mwafrika hakuruhusiwa divai bila kibali. Alionja kutoka kwenye pipa, akatema, akasema, "Bado," au, "Hii tayari." Mzee alimsikiliza kuliko alivyomsikiliza mwanawe wa kumzaa.

Mzee akafariki. Mwanawe akarithi, akaalika wageni kuonja mavuno. Baba alibeba chupa, mimi niliosha glasi. Bibi mmoja wa Kizungu aliuliza ni nani aliyewaza kubadili majira ya kupogoa.

"Baba yangu," akajibu mwana wa mzee. "Aliisoma mvua ya huku kwa miaka mingi."

Baba hakujua Kiingereza. Mimi nilikijua kidogo, cha shuleni. Jikoni akaniuliza, "Wamesema nini? Nimewaona wananyanyua glasi."

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia.

Aliweka trei mezani, akarudi barazani. Nilimfuata hadi mlangoni.

"Bwana mdogo," alisema kwa Kiswahili, taratibu, "waambie ukweli. Ile safu ilikuwa yangu."

Bibi yule akauliza, "Anasemaje?"

"Anauliza kama mnahitaji chupa nyingine," akajibu bwana mdogo kwa Kiingereza.

"Ndiyo, mwambie tunashukuru sana," akasema bibi, akamnyooshea baba glasi tupu huku akitabasamu. Baba aliipokea. Alisimama nayo, akitutazama mmoja baada ya mwingine, akisubiri mtu amweleze kilichojibiwa. Nilirudi jikoni kwenye glasi zangu.

Asubuhi aliambiwa aondoke kabla ya Jumamosi. Kisha bwana mdogo akanigeukia mimi. "Wewe utabaki. Najua alikufundisha."

Kweli alinifundisha: jicho lipi liachwe lichipue, tawi lipi likatwe. Wadogo zangu walikuwa shule pale karibu, mama alikuwa mgonjwa wa kifua, na nyumba tuliyolala ilikuwa ya shamba. Nikakubali. Baba alinikabidhi mkasi wake, akapanda lori kwenda kwa mdogo wake, milimani juu ya Mbeya, akalime viazi.

Nilipogoa misimu minne. Safari moja nilikwenda kumwamkia. "Kamwene, baba," nikasema. Aliitikia, akanichomea viazi, akaulizia kifua cha mama, akawaulizia wadogo zangu mmoja mmoja. Habari za shamba hakuuliza. Nami sikuthubutu kumwambia kwamba divai ya mwaka ule, iliyotoka mikononi mwangu, ilisifiwa kuliko zote.