Jina Ndani ya Kichwa cha Faili

Harufu ya ile kompyuta ilikuwa ya vumbi lililopata moto. Ukiiwasha, harufu hiyo ilijaa chumba chote cha walimu na kushinda ile ya majani ya chai niliyokuwa nayo mikononi tangu asubuhi. Baba alifundisha hisabati katika shule ya sekondari karibu na Kebirigo, na mwalimu mmoja mgeni aliporudi kwao aliiacha mashine hiyo shuleni. Hata wakati huo ilikuwa kuukuu: skrini ya kijani, kibodi nene, na diski ndogo ngumu kama kipande cha sabuni. Likizo ya Agosti nikiwa darasa la sita, tulichuma chai asubuhi, kisha mchana Baba akanichukua kwenda kujifunza. Kaka yangu Nyakundi, aliyekuwa darasa la nane, alikuja mara mbili tu, akasema macho yanamuuma, akarudi kwenye mpira.

Siku moja Baba alinionyesha kitu ambacho sijakisahau. “Kila faili ina kichwa, Kerubo,” alisema. “Mashine hii haikisii. Lazima iambiwe.” Kichwa hicho kilikuwa baiti mia moja ishirini na nane mwanzoni mwa faili, kabla ya kazi yenyewe. Humo mliandikwa jina la faili, aina yake, urefu wake na mahali pa kuiweka kwenye kumbukumbu ya mashine. Na baada ya hayo, jumla ya baiti hizo, ya kuhakikisha kwamba hakuna kilichoharibika. Alikuwa na programu ndogo ya kusomea baiti hizo moja moja. Alichukua faili yake ya mtihani, akaibadilisha jina, kisha akanionyesha kwamba jina jipya liliandikwa kwenye orodha ya diski peke yake. Ndani ya kichwa, jina la kwanza lilikuwa pale pale.

Nilitumia wiki tatu kuandika programu ya maswali ya Biblia kwa watoto wa kanisa letu la Sabato. Ukijibu vizuri ilikupa aya nyingine. Ukikosea ilikuomba kwa upole, kwa Ekegusii, lugha yetu, ujaribu tena. Niliihifadhi kwa jina langu, KERUBO. Baba aliicheza mpaka mwisho, akacheka mahali nilipotaka acheke, akasema ataipeleka kwenye maonyesho ya shule kule Marani.

Siku mbili kabla ya maonyesho nilifungua orodha ya diski na jina langu halikuwemo. Palikuwa na NYAKUNDI, herufi nane, nafasi yote ambayo mashine iliruhusu. Nilidhani kazi yangu imefutwa. Nikasoma kichwa cha faili hiyo, na ndani yake nikakuta KERUBO.

Nilimfuata Baba uani. Kwetu tulimwita Tata.

“Tata, faili yangu imeandikwa Nyakundi. Lakini kwenye kichwa bado ni mimi.”

“Mkuu wa shule anayoitaka kaka yako atakuwepo,” alisema. “Wewe bado una miaka miwili. Tutaandika nyingine.”

“Lakini hii ni yangu.”

“Najua,” akasema, akainama kufunga kamba za viatu.

Kesho yake nilisoma tena kile kichwa. Kilisema NYAKUNDI. Baba alikuwa ameipakia programu yangu na kuihifadhi upya, na faili ikihifadhiwa upya mashine huiandikia kichwa kipya. Mimi ndiye niliyekuwa nimemwambia alichosahau.

Huko Marani mkuu huyo alimuuliza Nyakundi programu inajuaje kwamba jibu ni sahihi. Nyakundi akanitazama. Nikafungua mdomo, na Baba akawahi kujibu yeye. Mgeni mmoja alipouliza mimi ni nani, Baba alisema, “Huyu ni mdogo wake. Amekuja kutusaidia kubeba nyaya.” Nyakundi akapata nafasi katika shule ile. Programu nyingine hatukuiandika. Shule zilipofunguliwa sikukanyaga tena chumba kile, na Baba hakuniuliza kwa nini.

Leo nafundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini Kisii, na Nyakundi anauza ndizi kwa jumla. Mashine za sasa huandika zenyewe nani kaunda faili na saa ngapi, na wanafunzi wangu hawajali. Desemba iliyopita wageni wa kanisa walikuja nyumbani, na Baba, ambaye sasa ni mzee, akawaambia kwa fahari kwamba kompyuta iliingia katika familia hii kupitia Nyakundi, nami nikamwiga. Nyakundi aliinamia kikombe chake. Nilimtazama Baba usoni nikitafuta hata aibu kidogo, sikuiona. Hakuwa akidanganya, ndivyo anavyokumbuka. Zamani tulikuwa watatu tulioujua ukweli. Sasa tumebaki wawili, na mmoja wetu hasemi.