Wanasema Kizunguzungu Changu Ni Roho ya Mume Wangu

Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyapunguze hata moja.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, mjane, nina watoto watatu na cherehani moja. Naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nashona nguo za harusi na za kilio, zote zinanilisha. Mume wangu alikuwa mtu wa upande wa Kilwa, ile ya hapa Katanga. Wenye bunduki walipoingia vijiji vya kwao, mama yake, mdogo wake na dada yake walikimbia, wakafika kwetu na nguo walizovaa tu. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi niliwapa chumba cha watoto, na watoto wakalala sebuleni.

Kisha mume wangu akafa kwa ugonjwa wa ini, haraka sana. Barabara ya kwao ilikuwa imefungwa kwa ajili ya vita, kwa hiyo tulimzika hapa na kilio kikafanyika nyumbani kwangu. Mjane anakaa chini kwenye mkeka, haongei, hainui macho. Nilikubali yote kwa sababu nilimpenda yule mwanaume. Lakini siku ya pili mtoto wangu mdogo alilia njaa, nikasimama kumpa uji. Wifi yangu akanizaba kofi la sikio la kulia, kichwa kikagonga ukuta.

"Kaka yangu iko mu udongo, weye unasimama unaenda wapi?"

Watu walimshika, wakasema ni uchungu. Na mimi nikasema ni uchungu, nikarudi kwenye mkeka.

Kizunguzungu kilianza wiki hiyo hiyo. Kila nikigeukia ubavu wa kulia, dari inazunguka, natapika, kisha kinatulia kama hakikuwepo. Nikiinama kuokota sindano, kinarudi. Siku moja nilianguka juu ya ndoo ya maji mbele ya mteja aliyekuja kujaribu gauni lake.

Nilikwenda dispanseri ya mtaa, wakasema malaria, wakanitundikia maji ya serum. Nikaenda kwa daktari wa mjini, akasema ni tension, yaani presha, ingawa alipopima haikuwa imepanda. Wa tatu aliangalia kitambaa changu cheusi kichwani, akasema ni mawazo ya ujane. Mawazo ninayo, sikatai. Lakini mawazo hayachagui ubavu!

Nyumbani wao walikuwa na jibu lao. Wapo kwetu wanaoamini kwamba roho ya marehemu, mufu, inamganda mjane mpaka ndugu wa mume alale naye. Wanaita kutosha mufu, yaani kumtoa marehemu. Shemeji alikaa kwenye kiti cha mume wangu akaniambia bila aibu:

"Shemeji, kaka njo anakuzungusha. Anataka nikutoshe mufu. Ukikatala, hii nyumba utaiacha."

"Bwana yangu alikuwa ananipenda," nilimjibu. "Hawezi kunitapisha."

Wifi akacheka, akasema nina kiburi cha watu wa mjini. Baada ya hapo mtaa mzima ulisikia kwamba nakataa kwa sababu nina mwanaume wangu pembeni. Mama mkwe peke yake hakusema neno. Alikuwa akiniletea maji ya kunawa uso kila nikimaliza kutapika.

Nilirudi kwa yule daktari wa tatu. Akaanza kuniandikia dawa za usingizi. Nikamrudishia karatasi yake pale mezani.

"Docteur, kama haujue, haiko kosa. Uniambie nani njo anajua."

Alikasirika, akakuna kichwa, mwishowe akasema labda nimwone daktari wa masikio. Nilidhani ananidharau, maana masikio yangu yanasikia mpaka umbea wa nyumba ya tatu. Nikaenda hivyo hivyo.

Huyo alikuwa mama mtu mzima, mpole. Swali lake la kwanza hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mama, inakukamataka wakati unafanya nini?"

Nilimweleza. Akanikalisha kitandani, akanilaza ghafla kichwa kikiwa kimeelekea kulia, na dunia ikazunguka. Nilipiga kelele. Akanishika, akanitazama macho, akakigeuza kichwa changu polepole upande wa pili, akaninyanyua. Alisema ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo sana, na vyangu vilikuwa vimehama mahali pavyo, ndivyo alivyokuwa akivirudisha kwa kunigeuza kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Balikupigaka ku kichwa?"

Mficha uchi hazai. Nilimwambia yote, nikalia kuliko nilivyolia makaburini. Kwa miezi wananiambia mume wangu ananitesa kutoka kaburini, na kumbe ni mkono wa dada yake, anayekula kwangu!

Alinirudishia vijiwe mara nyingine wiki iliyofuata, na sasa kimekwisha. Daktari alinionya kwamba kinaweza kurudi siku moja, nisiogope, nimfuate. Lakini wakwe zangu hawataki kusikia habari ya sikio. Wamesema mufu amejificha tu. Wameitisha kikao cha ukoo Jumapili, na shemeji tayari ameleta kuku wa sherehe, amemfunga kwenye mguu wa cherehani yangu.

Kuku nimemfungua. Mkeka wa kilio, niliokuwa bado nalalia, nimeukunja, nimerudi kwenye kitanda changu, na ninalala ubavu wa kulia, nikitazama upande aliokuwa akilala baba watoto wangu.

Sasa ndugu zangu, kulala na shemeji msinishauri, hilo sifanyi hata nikizungukwa na mbingu na nchi. Na nyumba sitoki. Kinachonisumbua ni yule mama mkwe. Nikisema mbele ya ukoo kofi lilitoka kwa nani, atabeba aibu ya binti yake, na kwao bado kunawaka moto, hawana pa kwenda. Nikinyamaza, watoto wangu watakua wakiamini baba yao alikuwa akimtesa mama yao.

Jumapili nimtaje, ama nisimtaje? Mnijibu mapema, nitasimama wima.