Tulivyomwingiza mdogo wangu darasa la kwanza siku ya wakaguzi

Wakuu, habari za humu. Leo nakiri kosa nililofanya nikiwa darasa la tano kule Masama, miaka ya tisini. Siongezi chumvi, maana mama yangu yupo hai na anaweza kuniumbua.

Mdogo wangu Aikande alikuwa na miaka minane. Haongei, labda neno moja kwa siku. Kutwa anapanga buni za kahawa uani kwenye mstari mmoja, ukisogeza moja tu anajua. Kelele za ghafla haziwezi kabisa.

Leo tunaita usonji. Enzi hizo majirani walikuwa na majina yao, tuyaache.

Mwalimu mkuu alimkataa mara mbili. "Mama Ruth, huyu mpeleke shule maalumu mjini." (Ruth ndiye mimi.)

Mama akashuka Moshi, akaambiwa nafasi zimejaa. Akarudi kimya. Mama yangu akikaa kimya, ogopa.

Wiki hiyo tukasikia wakaguzi wanakuja kutoka Bomang'ombe. Mama akakata sketi yangu ya zamani, akamshonea Aikande uniform. Mission yangu: kumkalisha darasa la kwanza, karibu na dirisha, kabla wageni hawajafika.

Shida ilikuwa kengele. Yetu ilikuwa rimu ya lori imening'inizwa mtini. Ikigongwa tu, Aikande angetoka mbio mpaka mtoni.

Basi asubuhi na mapema nikaiba ile nondo ya kugongea, nikaifukia kwenye shamba la kahawa. Hilo mama hakunituma, ni ubunifu binafsi.

Mkuu alizunguka shule nzima akiitafuta, jasho linamtoka, na wageni ndio hao wanaingia.

Mwalimu wa darasa la kwanza, mama mmoja mpole, akamwona Aikande amekaa pale dirishani. Kisha akaniona mimi nimejibanza mlangoni. Nikajua nimekwisha.

Akafungua rejista, akaandika jina.

Mkaguzi akahesabu watoto, akahesabu majina. "Hamsini na mbili. Sawasawa." Akasaini. Mkuu nyuma yake alikuwa ameshamwona Aikande, lakini mbele ya mgeni akaitikia kwa kichwa.

Jioni mkuu alikuja nyumbani kwetu. "Umenichezea, mama."

"Nimeleta mtoto shule tu, mwalimu. Karibu chai."

"Sasa nikimtoa niandike nini? Mtoro?"

Mama akammiminia chai.

Aikande akabaki. Sitawadanganya, haikuwa raha tupu. Kuna mwalimu alimchapa kwa sababu hajibu, na kuna siku alikaa chini ya dawati mpaka wote wakaondoka. Aliishia darasa la nne. Ila jina lake anaandika, na waliosoma naye wanamsalimia sokoni mpaka leo.

Kilichonishangaza ni mwaka uliofuata. Siku ya kuandikisha alikuja mama jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kamshika mkono binti wa miaka kama kumi, mwenye hali kama ya Aikande. Pale tulipita kila siku. Hatukuwahi kujua kama ana huyo mtoto.

Nilichojifunza: kumkataa mtoto mlangoni ni rahisi, akishakaa darasani kumtoa kunahitaji maelezo.

Nyie wenye watoto kama hawa, shule ya jirani iliwapokeaje? Na wanaotaka kunisema kwa kumdanganya mwalimu, nao wakae, nafasi zipo.