Chupa Ndogo Alizoleta Kaka

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Ninauza vitenge soko la Nyawera, hapa Bukavu, na sokoni pale ukimwamini kila anayekuapia kwamba kitenge chake ni cha asili, utarudi nyumbani na rangi viganjani. Nageuza kitambaa, natazama upande wa ndani, nasoma maandishi ya pindoni, ndipo naanza kuongea bei. Marehemu baba alikuwa akinitania kwamba hata padri akinibariki nitataka kuona kitambulisho chake.

Kwa hiyo sukari ya mama ilipoanza kupanda, nilishuku kila mtu. Mama ana ugonjwa wa sukari tangu zamani, na anaishi kwa sindano za insulini. Daktari alitueleza bila kuzunguka kwamba akiziacha atakufa. Alikuwa amezizoea, anajidunga mwenyewe tumboni huku akifokea kuku wa jirani wasiingie jikoni. Lakini mvua za mwaka ule zilipokolea, alianza kunywa maji bila kukata kiu, macho yakaingia ukungu, na kile kipimo cha kutoboa kidole kikawa kinaonyesha namba za kuogofya. Sindano hakukosa hata moja.

Nilipekua chini ya kitanda chake nikitafuta ndizi tamu. Nilinusa kikombe chake cha chai. Niliwashuku wamama wa kikundi cha sala, waliokuwa wakija kumtazama na chupa za fanta, na nikamshuku mwenye farmasi kwamba ananiuzia maji. Mama alikasirika, akasema mimi nikitafuta mwizi namshika hata mwenye mali. Alikonda mbele yangu, na mimi nikawa nalala kwa woga.

Jirani yetu ndiye mtu pekee ambaye sikumshuku. Huyu mama anauza tomsoni, yule samaki wa barafu, na ana konjelateri kubwa, friza ya kugandishia, sebuleni kwake. Sisi hatuna hata frigo ya kawaida. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa amekubali kutuhifadhia insulini bila kudai chochote, na sisi tukamwombea baraka. Umeme wa Bukavu unajulikana: unakuja ukitaka, unaondoka bila kuaga. Mwenye konjelateri, ukirudi tu, anagandisha kila kitu kiwe jiwe, ili kivumilie giza linalofuata. Jirani akaizamisha dawa ya mama katikati ya samaki, chini kabisa, ambako barafu haiishi. Alijivuna kwamba dawa ya maman imepata mahali pazuri kuliko biashara yake. Mama akiletewa chupa, aliikumbatia kwapani mpaka iyeyuke, kisha akajidunga. Moja iliwahi kupasuka kioo, tukasema ni bahati mbaya.

Hapo ndipo kaka yangu alipofika kwa Pasaka. Yeye hununua dhahabu kwa wachimbaji kule Shabunda, na akija hupenda ajulikane amekuja. Baada ya kula, wajomba wakiwa bado wameketi, akafungua katoni na kumwekea mama mapajani vichupa vidogo vyenye unga mweupe chini. Akasema alikuwa akijidunga dawa hiyo hiyo kwa ajili ya bega lake, na sasa bega limesahau kama liliwahi kuuma.

"Maman, insulini iko dawa ya zamani," alisema. "Hii banaita peptidi. Batu ya Ulaya banaacha insulini juu ya hii."

Wajomba walipiga makofi. Mama alivishika vile vichupa kwa mikono miwili, akashukuru, na akatangaza kwamba Jumatatu ataanza hivyo na insulini ataiacha, kwa sababu hiyo insulini ilikwisha kumsaliti. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na dawa hii ilikuwa imetembea kutoka porini mpaka kwenye mapaja ya mama yangu.

Asubuhi iliyofuata nilifunga kichupa kimoja kwenye pindo la kitenge, nikachukua na chupa ya insulini aliyokuwa akiitumia, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka kituo cha afya cha masista. Masere, yule sista anayeshughulika na wagonjwa wa sukari, si mtu wa tabasamu. Alikigeuza kichupa kama ninavyogeuza kitenge, na hapo nikampenda. Hapakuwa na jina la kiwanda. Hapakuwa na namba ya toleo wala tarehe ya kuharibika. Maandishi madogo ya Kiingereza alinitafsiria: ni ya kazi ya maabara, mtu asitumie.

Nikamwuliza hiyo peptidi ni nini hasa, maana kaka alikuwa amelitamka neno hilo kama jina la mtakatifu.

"Peptidi haiko jina ya dawa moja," alisema. "Iko jina ya ukoo. Insulini ya maman nayo iko peptidi."

Akanieleza taratibu. Ni vipande vya protini, kama shanga zilizotungwa kwenye uzi, na mwili wenyewe unavitengeneza vingi, kila kimoja na kazi yake. Vingi ukivimeza, tumbo linavisaga kama nyama, ndiyo maana watu hudungwa. Zipo peptidi ambazo ni dawa kweli, hata nyingine za wagonjwa wa sukari, lakini daktari ndiye anayeandika nani apewe na kwa kipimo gani. Na mtu kama mama, ambaye mwili wake hauna tena insulini yake, hakuna nyingine ya kuziba nafasi hiyo. Unga usiojulikana umetoka wapi, ukachanganywa na maji yasiyojulikana, kwa sindano ambayo pengine mwingine ameishika, unaweza kuwa sumu, unaweza kuwa chumvi tu. Kwa mama hata chumvi ingetosha kumwua, kwa kuwa angekuwa ameacha insulini.

Kisha akainua ile chupa ya insulini kwenye mwanga. Ilikuwa na chembechembe, kama maziwa yaliyoanza kuganda. Akaniuliza tunaiweka wapi.

Nilimjibu kwa majivuno. Nikamweleza habari za konjelateri, samaki na barafu isiyoisha.

Masere akaitupa chupa kwenye ndoo ya taka. Alisema insulini inataka ubaridi, lakini ikiganda mara moja ile tungo ya shanga inavurugika, na hata ukiiyeyusha haitengemai tena. Wakati mwingine inaonekana safi kabisa, na bado haifai kitu. Mama alikuwa akijidunga dawa iliyokufa. Akanipa mpya, akanifundisha kuiweka ndani ya chungu kidogo, na hicho ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga wa kulowa, kivulini.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akakubali kurudi kwenye insulini, akakubali chungu, ila akanikataza nisimwambie mtu. Zawadi ya mtoto uliyoipokea mbele ya wajomba huirudishi, alisema, na mtu aliyekutendea wema bila malipo huendi kumwambia kwamba wema wake ulikuwa unakuua. Jirani akaambiwa kwamba masista wametupatia nafasi kwenye frigo yao. Vichupa vya kaka vikaingia chini ya godoro, na kila alipouliza, mama alijibu kwamba anamshukuru Mungu.

Sukari ikashuka. Kiu ikakata, macho yakafunguka, mama akaanza tena vita vyake na kuku. Nilifurahi mpaka nikalia jikoni. Lakini kaka, ambaye alikuwa bado hajarudi Shabunda, naye alimwona mama akinawiri, na alijua ni kwa sababu gani, au alidhani anajua. Alimsimulia kila aliyepita, na aliyetaka akampa kichupa. Sikupenda jinsi watu walivyoanza kumsalimia kwa heshima mpya.

Siku moja nilikwenda kwa jirani kununua samaki, nikaona kwenye meza yake, karibu na mizani, kichupa cha unga mweupe. Nikamwuliza ni cha nani. Akasema ni chake, cha mgongo, huku akikifunika na kitambaa. Mtu anayeumwa mgongo habebi katoni ya samaki kama alivyoibeba yeye dakika ile ile. Nilirudi nyumbani mbio nikamwambia mama.

Mama aliacha sufuria ya sombe, majani ya muhogo, motoni. Alivuka uwanja bila kitambaa kichwani, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, na akaingia kwa jirani bila kubisha hodi.

"Ile dawa ya mutoto wangu sikujidunga hata siku moja," alimwambia. "Niliogopa kumupatisha haya. Nimepona na insulini. Na ile nilikuwa naweka kwako, barafu ndiyo iliharibu. Hilo pia nilikuficha."

Nilitegemea jirani angekasirika, na nilikuwa nimejiandaa kumjibu. Badala yake alifunua konjelateri, akatoa samaki mmoja mmoja na kuwarundika sakafuni, mpaka akafika chini kabisa. Kutoka pale akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa mara nyingi, na ndani yake chupa za insulini, ngumu kama mawe. Zilikuwa za mumewe. Mume alikuwa amemwapisha asimwambie mtu kwamba ana sukari, maana watu mtaani wanasema ugonjwa huo unamwondolea mwanamume uume wake.

"Tangu Jumapili anajidunga ile ya kaka yako," alisema. "Leo asubuhi nimemwita, haitiki vizuri."

Mama alimsukuma kuelekea chumbani, na mimi nikakimbia barabarani kutafuta moto ya kumpeleka mumewe kwa masista.