Wasifu Ulioiruka Digrii

Daah! Kichwa changu bado kinagoma. Jumamosi tulikuwa wote na rafiki yangu karakana Keko tunapiga msasa vitanda, leo nimetoka kumzika. Hospitali wanasema ni presha.

Pale kazini tulimwita Msomi. "Msomi, lete msasa!" Analeta, na Kiingereza chako anakisahihisha juu.

Kwa wasiojua: jamaa alifungwa akiwa kijana, kwa kosa ambalo hakuwahi kulikana. Akasoma humo humo gerezani mpaka akapata digrii ya maendeleo ya jamii.

Alipendaga kunisimulia siku ya mahafali. Joho juu ya sare ya mfungwa, na askari mmoja wa kike akampigia vigelegele mpaka mkubwa wake akageuka kumtazama.

Alipotoka nilimsindikiza interview Sinza. Nikamwambia, "Braza, hiyo ishu ya jela we iruke tu."

Akacheka. "Nikiiruka jela, digrii nitasema nimeiokota wapi?"

Akaingia, akasema ukweli wote. HR akamsifia sana, akamwambia watampigia simu. Mpaka leo jamani!

Ikaja interview nyingine, na nyingine. Kila akirudi anavaa ovaroli lake, anaendelea na kitanda alipokiachia. Aliyekuwa analalamika ni mie.

Leo msibani, nyumbani kwa dada yake Madale, baba yake mdogo akasimama kusoma wasifu wa marehemu. Ikatajwa shule ya msingi. Ikatajwa sekondari. Halafu nikasikia: "Baadaye alijishughulisha na useremala hadi umauti ulipomkuta."

Basi. Kwaya ikapokea.

Nikamfuata dada yake kule nyuma walikokuwa wanapika. "Dada, pole. Lakini digrii yake je?"

Akanishika mkono. "Kaka, nitaitajaje bila kusema aliisomea wapi? Wanangu wanajua miaka ile yote mjomba wao alikuwa Msumbiji. Na wakwe zangu ndio wale wamekaa mbele."

Nikarudi kukaa. Mie si ndugu, ni mtu wa karakana tu.

Na naomba msimseme vibaya yule dada. Vitabu alivyosomea kule ndani, yeye ndiye aliyekuwa anampelekea, wakati ukoo mzima umemkataa. Leo alikuwa analia huku anageuza wali.

Mnaniuliza inbox mbona nimeweka mshumaa tu, jina hakuna, picha hakuna. Dada kaniomba, nimemkubalia. Nimechoka, sijui hata nimkasirikie nani.

Kaka, ulisoma. Ulifaulu. Nataka mji mzima ujue hivyo, na hata hapa kwenye ukurasa wangu mwenyewe nimeshindwa kuandika jina lako.

Ulale salama, kaka yangu.