Goti Langu Mbele ya Ngome

Jana kazini mwenzangu alikuwa anafunga maboksi, akavuta selotepu nene ya kijivu, kraaa! Nikashtuka. Nilikuwa nimeketi, viatu nimevua, miguu inawaka moto, lakini sauti ile ilinirudisha utotoni, mtaa wa Sharpstown, Houston, Marekani, kwenye ua wa zege nyuma ya apatimenti zetu, jua likituchoma mpaka kisogoni.

Pale ndipo palipokuwa na ufalme wetu. Msicheke. Ngome ilikuwa boksi la friji lililookotwa kando ya jalala, deraya tulitengeneza kwa maboksi madogo na selotepu kama hiyo, na panga zilikuwa mabomba ya plastiki yaliyovishwa sponji. Malkia alikuwa Espe, msichana wa Kikongo mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Yeye ndiye aliyetunga sheria. Ukitaka kuwa shujaa wa ngome, sharti upigane na mmoja wa mashujaa mbele ya watu wote. Goti la nani likigusa chini, huyo ameshindwa. Nafasi ni moja tu kwa likizo nzima. Na usipokuwa shujaa, basi wewe ni farasi.

Jamani, nilichoka kuwa farasi! Likizo iliyotangulia nilimbeba mgongoni Kevo, Mkenya mnene wa ghorofa ya pili, akinipiga visigino mbavuni na kula chipsi juu ya kichwa changu. Nikirudi ndani nimelowa jasho, mama ananitazama tu na kusema, "Haya, kaoge." Mama alihudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, mara nyingi zamu mbili mfululizo, na akifika nyumbani maneno yalikuwa yamemwishia.

Siku yangu ilipofika nilipangwa na Kevo mwenyewe. Nilikuwa mwembamba lakini mwepesi. Nilimzungusha, nikamzungusha, mpaka akaanza kuhema na kofia yake ya boksi ikamfunika macho. Farasi wenzangu wakanishangilia. Alishayumba, kilichobaki ni kumsukuma kidogo tu.

Ndipo mama akatokea getini, na sare yake ya bluu, mkoba begani, akitembea kama mtu anayevuka tope.

Sasa, kwetu Usukumani, Tanzania, mtoto wa kike hamwamkii mkubwa akiwa amesimama. Nililelewa hivyo tangu najifunza kutembea, na Marekani haikubadilisha kitu. Sikufikiri hata kidogo. Upanga mkononi, goti likashuka lenyewe kwenye zege.

"Shikamoo mama."

"Goti imegusa chini!" Kevo akapiga kelele. "Ame-lose! Wote mmeona!"

Nikamgeukia Espe, nikamwambia nilikuwa namwamkia mama, ile haihesabiki. Akafikiria. Maskini, nakumbuka alifikiria kweli. Kisha akasema, "Pole, lakini goti ni goti."

Mama hakuelewa lolote. Kwa kawaida aliitikia huku anapita. Siku ile alisimama pale mbele yangu, akaweka mkono juu ya kofia yangu, akasema polepole, "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Nami nikaangua kilio kwa hasira, nikatamani angepitia mlango mwingine. Likizo ile yote nilikuwa farasi, na Kevo hakupungua uzito.

Siku hizi nafanya kazi ileile aliyoifanya mama, huku Mesquite, mji mwingine wa Texas. Asubuhi naingia chumba cha kwanza, napiga magoti, namvalisha mzee soksi. Chumba cha pili, magoti tena, viatu. Wengine wananishukuru, wengine wananifokea kwamba nimewabana vidole, wengine hawajui kama nipo. Ikifika jioni magoti yamekufa ganzi. Wiki niliyoanza kazi nilikaa ndani ya gari nikashindwa hata kuliwasha, yaani nimechoka mpaka machozi hayatoki, na hapo nikamwona mama tena pale uani. Miaka yote nilikuwa nakumbuka pambano nililopoteza tu. Yeye sikuwahi kumwangalia vizuri. Alikuwa ametoka kuwapigia watu magoti tangu alfajiri. Halafu akafika nyumbani, na kwa mara ya kwanza siku ile, kuna mtu akampigia yeye.