Farasi wa Mbao Pale Voi

Bembea ile ya kuzunguka ilifika Voi ikiwa vipande vipande, ndani ya behewa la mizigo kutoka Mombasa, na mimi ndiye niliyeliingiza behewa hilo kwenye njia ya pembeni. Ilikuwa miaka ya sabini, wiki ya sikukuu ya Jamhuri. Kazi yangu pale stesheni ilikuwa kubadilisha njia za treni na kupunga bendera. Reli ilikuwa imenileta kutoka magharibi mwa nchi, nikalizoea jua la Voi kwa kukosa la kufanya. Mlango wa behewa ulipofunguliwa niliona vichwa vya farasi wa mbao, vyekundu na buluu, vimelazwa juu ya nyasi kavu. Kosa langu la kwanza ni kwamba nilirudi nyumbani nikasimulia.

Binti yangu alikuwa na miaka minane. Polio ilikuwa imempooza miguu akiwa mdogo. Alitembea kwa vyuma vya miguuni na magongo mawili, polepole, na penye mchanga nilimbeba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, mimi nataka kupanda farasi. Peke yangu."

Nilimjibu tutaona. Kila mzazi anajua "tutaona" maana yake nini, na yeye pia alijua. Kwa siku tatu hakuniuliza tena, alinitazama tu nikila. Mwishowe mke wangu akaniambia, "Baba yake, huyu mtoto umembeba mpaka umesahau ana mdomo." Nilikasirika. Siku hizo nilikuwa mwepesi wa hasira, hasa nikiambiwa ukweli.

Siku ya sikukuu nikambeba hadi uwanjani, mama yake akitufuata na magongo begani. Mwenye bembea alikuwa mzee wa pwani mwenye kofia, na aliizungusha mwenyewe kwa gurudumu la chuma. Alimtazama binti yangu, akavitazama vile vyuma.

"Bwana wangu, mimi simkatai mwanao," alisema. "Lakini farasi hawa hushikwa kwa magoti. Mtie kwenye kile kiti cha watoto wadogo, atafurahi vilevile."

"Mimi si mtoto mdogo," binti yangu akasema kutoka mgongoni kwangu.

Nikasema basi nipande nami, nisimame kando nimshike. Mzee alinipima kwa macho kutoka juu hadi chini, akasema bembea yake haikuundwa kubeba marobota ya mkonge. Watu wakacheka. Nilikuwa tayari kugeuka niende zangu, lakini mke wangu alishaifungua leso aliyojifunga. Alimkalisha binti juu ya farasi mwekundu, akamzungushia leso kiunoni na kuifunga kwenye mti uliomshikilia farasi, mafundo mawili. Mzee akalivuta fundo kulijaribu, akarudi kwenye gurudumu lake. Mke wangu akanirudisha nyuma ya kamba iliyozuia watazamaji kwa kunivuta shati.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la reli. Bendera zikikosekana, tulitumia mikono. Mkono mmoja ukiinuliwa juu na kutulizwa, njia ni salama, endelea. Mikono yote miwili ikiwa juu, kuna hatari, simama. Haijalishi aliyeinua ni nani. Hata akiwa mlevi aliyepotea njia, dereva anashika breki kwanza, maswali baadaye. Watoto wa nyumba za reli walijua hayo kabla ya kujua kusoma. Binti yangu nilimfundisha mwenyewe, tumekaa mlangoni, treni ya Taveta ikiondoka.

Mzunguko wa kwanza aliukumbatia mti, macho amefumba. Wa pili akayafumbua. Bembea ikashika kasi, na mara ya tatu akaja mbele yangu akiwa ameuachia mti, mikono yote miwili juu, mdomo wazi.

Sikufikiri. Nilipiga kelele, "Simamisha! Simamisha!", nikairuka kamba, nikalikamata gurudumu pamoja na mikono ya mzee. Bembea ikalia, ikasimama. Watoto wengine walianza kunung'unika. Nilimfikia binti yangu nikihema, nikaanza kuifungua leso.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia."

"Si umeinua mikono?"

Machozi yalikuwa yanamtoka. "Baba, nilikuwa nafurahi tu. Wenzangu wote wanafanya hivyo."

Nilibaki nimesimama, ncha ya leso mkononi. Ni kweli, wenzake waliinua mikono kutwa nzima, wakishangilia mpira, wakiruka, wakiwakimbilia abiria. Mikono yake yeye ilikuwa na kazi ya miguu. Akiwa amesimama ilishika magongo, akiwa mgongoni ilishika shingo yangu. Nilikuwa nimempeleka kila mahali, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuiona yote miwili juu kwa furaha. Mara ya kwanza nilipoiona, niliisimamisha. Iliniuma sana, na inaniuma hata leo.

"Nisamehe," nilimwambia, jambo ambalo akina baba wa siku zile hawakumwambia mtoto mbele za watu. Nikalifunga tena lile fundo, nikarudi nyuma ya kamba.

"Haya, bwana wa reli," mzee akaniuliza, mkono kwenye gurudumu, "iende au isiende?"

"Iende," nikasema.

Ikaenda. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, na binti yangu alikuwa ameushika mti kwa nguvu, hatazami farasi wala wenzake. Alikuwa ananitazama mimi. Nikaelewa kwamba hakuwa na hofu ya kuanguka, alikuwa ananiogopa baba yake. Mke wangu, kando yangu, naye alikuwa ameliona hilo.

Nikainua mkono wangu mmoja juu, nikautuliza, kama nilivyofanya kila siku treni ikipita. Aliuona. Akapotelea upande wa pili na farasi wake, na aliporudi mbele yangu mikono yake yote miwili ilikuwa juu. Wangu sikuushusha mpaka bembea iliposimama.